Namba Kubwa ya Mtawa Mersenne

Chukua maharagwe 12, uyapange mezani kwa mistari iliyo sawa. Waweza kupanga mistari 3 ya maharagwe 4. Sasa chukua maharagwe 7. Jaribu mistari 2, kisha 3: haiwi sawa. Kwa nini? Kwa sababu 7 haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa 7 yenyewe. Namba ya namna hii yaitwa namba tasa.

Zamani mjini Paris, katika Ufaransa, alikuwako mtawa jina lake Marin Mersenne. Yeye alipenda sana hesabu. Andika 2 mara tatu, uzizidishe: 2 × 2 × 2 = 8. Toa 1, itabaki 7, namba tasa. Andika 2 mara tano, uzizidishe, utapata 32. Toa 1, itabaki 31, nayo ni tasa. Mwaka 1644 Mersenne aliandika katika kitabu kwamba hata ukiandika 2 mara 67, ukazizidisha zote na kutoa 1, utapata namba tasa. Namba yenyewe ni hii:

147 573 952 589 676 412 927

Ina tarakimu 21! Nani angeweza kuijaribu? Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alihakikisha kwamba si tasa. Lakini hakujua ni namba zipi zinazoigawanya.

Mwezi wa Oktoba 1903 mwalimu Mmarekani, Frank Nelson Cole, alisimama mbele ya wenzake mjini New York. Yasimuliwa kwamba hakusema neno. Alishika chaki, akazidisha ubaoni:

193 707 721 × 761 838 257 287

Jibu lilikuwa namba ile ile ya Mersenne! Wenzake wakapiga makofi. Yasimuliwa kwamba alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Nawe mwanafunzi waweza kuipima kwa jaribio la tisa. Jumlisha tarakimu za namba ya kwanza ya Cole: utapata 37. Halafu 3 + 7 = 10, na 1 + 0 = 1. Za namba ya pili ni 64, na mwishowe 1. Basi 1 × 1 = 1. Tarakimu za namba kubwa ni 109, na mwishowe 1 vilevile. Zapatana. Lakini jihadhari: jaribio hili hufunua makosa mengi, si yote. Ukitaka hakika, zidisha mpaka mwisho kama Cole.

Mersenne alikuwa mwenye elimu kubwa, hata hivyo alikosea. Usikubali jibu kwa sababu ya jina la aliyelitoa. Lipime.

Maswali
1. Taja namba tasa zote zilizo chini ya 20.
2. Andika 2 mara saba, uzizidishe, utoe 1. Je, jibu ni namba tasa?
3. Onyesha kwamba 2 047 si tasa. Jaribu kuigawanya kwa 23.