Liemba: Mabwana Wamepita, Meli Imebaki

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kama chuma kingeweza kusema, hapana shaka kwamba meli ya Liemba ya Kigoma ingekuwa na mengi ya kutuhadithia. Imepata majina mawili, imezama mara mbili, na imetumikia mabwana wengi kuliko mtumishi yeyote unayemjua. Hata hivyo, jambo kubwa katika historia yake si hao mabwana, bali ni ile mikono iliyoitunza.

Meli hii iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilipokwisha kuunganishwa ilifunguliwa tena kipande kwa kipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapakiwa melini hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo masanduku yalisafirishwa kwa reli ya kati, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa kiwanda hicho walifuatana na mzigo wao. Lakini watatu hawaundi meli. Vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi ndio waliobeba mabamba, wakapiga ribiti moja baada ya nyingine juani, mpaka mwezi Februari 1915 meli ikashushwa majini.

Wajerumani waliiita Graf von Götzen. Jina hilo si geni katika historia yetu: huyo ndiye aliyekuwa gavana wakati vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa moto, upanga na njaa. Basi chombo kilichojengwa kwa jasho la wananchi kilipewa jina la mtu aliyewakandamiza. Na kwa kuwa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha anza, meli iliyokusudiwa kubeba abiria na mizigo ilifungwa mizinga. Mmojawapo ulitoka katika manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya mto Rufiji mwezi Julai 1915.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi Julai 1916, Wajerumani walilazimika kuihama Kigoma. Waliamua kuizamisha meli yao isitwaliwe na adui. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo kila mfanyakazi anapaswa kulikumbuka. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito ili maji yasiile. Waliambiwa waiue, nao wakaizika kama mtu azikaye mbegu.

Wabelgiji walioiteka Kigoma waliiibua, lakini mwaka 1920 ikazama tena. Waingereza walipokabidhiwa nchi waliifuata huko huko chini, wakaiinua mwaka 1924. Walipofungua mitambo waliona kwamba grisi ile imefanya kazi yake: mashine na matangi ya mvuke yalikuwa bado yanafaa. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilianza kazi upya, safari hii kwa jina la Liemba. Hilo ni jina ambalo wenyeji wa upande wa kusini waliliita ziwa lenyewe, na David Livingstone alilisikia kwao mwaka 1867. Hatimaye chombo kikapata jina la hapa hapa kilipo.

Tangu hapo wenye mali wamekuwa wakipokezana. Ilikuwa chini ya reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 ikawa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ikawa mali ya Shirika la Reli Tanzania, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikakabidhiwa kampuni ya umma ya huduma za meli. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, zikafungwa injini za dizeli. Mwaka 1993 ilikarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Bendera zilibadilika, barua zikabadilika vichwa, lakini bado palihitajika mtu wa kushuka chini kwenye joto la injini akiwa na spana na tambara.

Wewe unayeamka asubuhi na kungoja basi, huenda ukauliza: meli moja kuukuu ina maana gani? Jaribu kujiweka mahali pa mama aishiye katika kijiji cha mwambao, milima nyuma yake, ziwa mbele yake, barabara hakuna. Kwake yeye Liemba ilikuwa basi, soko, posta na gari la wagonjwa. Meli ilipopiga honi usiku, mitumbwi iliikimbilia, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na gati. Watu walipanda kwa kushikwa mikono, watoto wakipitishwa juu juu, magunia ya dagaa na mahindi yakifuata, hadi Kasanga na Mpulungu, Zambia.

Na dhiki ilipokuja, meli ya abiria ikawa meli ya kuokoa. Mwaka 1997 ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Zaire. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walipokwama kwenye ufuko mwembamba wa Kagunga, ambako kipindupindu kiliwaandama, ni Liemba iliyokwenda na kurudi, watu wapatao 600 kila safari, ikiwaleta Kigoma. Meli iliyozaliwa vitani ikawa kimbilio la waliokimbia vita.

Mwaka 2018 ilisimama kazi kwa sababu ya uchakavu, na baadaye Serikali ikaingia mkataba wa kuikarabati. Wapo wasemao kwamba chombo cha zaidi ya miaka 100 kingefaa kuwekwa makumbusho. Lakini meli iliposimama, wananchi wengi wa mwambao walibaki na maboti ya mbao, na ziwa lile lenye kina cha karibu mita 1,470 halina huruma likichafuka. Hao hawahitaji makumbusho. Wanahitaji usafiri ulio salama.

Ndugu msomaji, mali ya umma huonekana kama haina mwenyewe. Liemba yatufundisha kinyume chake: mwenyewe ni yule anayeipaka grisi leo kwa ajili ya mtu atakayeihitaji kesho. Iwe ni mashine ya kiwandani kwako, bomba la mtaani au dawati la shule ya mwanao, kitunze. Na kwa wale wanaokiona cha kale kuwa takataka kwa sababu kipya kinasemekana kuja, wahenga walikwisha waonya: usiache mbachao kwa msala upitao.