Miguu Ikifa Ganzi, Pima Damu Kabla ya Kununua Vitamini
Je, nyayo zako zinawaka moto au kufa ganzi? Usikimbilie kununua vitamini dukani. Pimwa damu kwanza. Huenda chanzo ni kisukari, au upungufu wa vitamini B12, ambao huwapata pia baadhi ya wanaotumia metformini kwa miaka mingi. Ukimeza B12 kabla ya kupimwa, majibu yanaweza kuficha upungufu huo. Vitamini B6 nayo, ikizidi kwa muda mrefu, huharibu neva. Fika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukiwa na dawa zote unazotumia. Usiache dawa ya kisukari, wala B6 uliyopewa pamoja na dawa za kifua kikuu, bila ushauri wa daktari.