Majitu ya chuma ya katuni za Kijapani: Lipi laweza kuwa, lipi ni njozi?

KWA vijana wengi wa mtaa wa Umoja na mitaa mingine ya Eastlands jijini Nairobi, katuni za Kijapani ziitwazo anime si jambo geni. Katika hadithi hizo, swali moja huzua mabishano yasiyokwisha: je, binadamu ataweza siku moja kuunda jitu la chuma lenye urefu wa jumba la ghorofa, aketi kifuani mwake na kuliongoza vitani, hapa duniani au katika anga za juu?

Jibu la sayansi ni la kushangaza kidogo. Jitu lenyewe, kwa jinsi linavyochorwa, haliwezekani. Lakini vita vya anga za juu, ambavyo watu wazima huvipuuza kama mchezo wa watoto, vimekwisha kuonyesha dalili zake, na Kenya si mtazamaji tu wa mambo hayo.

Mzigo wa ukubwa

Tuanze na jitu mashuhuri kuliko yote. Katuni ya Gundam iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino ilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 1979. Roboti yake kuu imepewa urefu wa mita 18 na uzito wa tani 43.4 kabla ya kujazwa mafuta na silaha. Ukihesabu mita tatu kwa kila ghorofa, jitu hilo lingetoshana na jumba la ghorofa sita, mfano wa yale yaliyochipuka Umoja na kuzifunika nyumba za chini zilizojengwa huko katika miaka ya sabini.

Kikwazo cha kwanza kilielezwa na mwanasayansi Galileo wa Italia mwaka 1638, karne nyingi kabla ya roboti kubuniwa. Kitu kikikuzwa mara 10 kwa urefu bila kubadilishwa umbo, eneo la nyayo zake na eneo la mkato wa mifupa yake huongezeka mara 100, ilhali uzito wake huongezeka mara 1,000. Ndiyo maana tembo ana miguu minene kama magogo, na siafu hubeba mzigo unaouzidi uzito wake.

Mathalani, mchukue mtu mwenye urefu wa mita 1.8 na uzito wa kilo 75. Mkuze afikie mita 18 na uzito wake utakuwa tani 75. Kila sentimita ya mraba ya unyayo wake itabeba mzigo mara 10 ya ule wa awali. Mifupa ya binadamu haiwezi kuustahimili mzigo huo kila hatua, na hata chuma kingehitaji viungo vya magoti na vifundo vya miguu vilivyo vinene kupita kiasi.

Waundaji wa Gundam walijaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kulipunguzia jitu lao uzito. Hata hivyo, hapo walizua ajabu nyingine. Jitu la mita 18 lenye uzito wa tani 43.4 ni jepesi kuliko maji ya ujazo uo huo. Likizibwa maji yasipenye, lingeelea juu ya Ziwa Victoria kama ngalawa.

Aidha, kuna suala la ardhi yenyewe. Tuseme unyayo mmoja wa jitu hilo una eneo la mita mbili za mraba. Linapoinua mguu mmoja ili kutembea, uzito wote huangukia unyayo uliobaki, na ardhi hubeba zaidi ya tani 21 kwa kila mita ya mraba. Kifaru cha kivita, ambacho uzito wake husambazwa na minyororo mipana, huikandamiza ardhi kwa takriban tani 10 tu kwa eneo kama hilo. Sehemu kubwa ya mashariki mwa Nairobi imekalia udongo mweusi unaovimba mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, udongo ambao wajenzi huuchimba na kuuondoa kabla ya kuweka msingi. Jitu letu lingezama hadi vifundoni kabla ya kuuvuka mtaa mmoja.

Je, likijikwaa? Rubani aliyeketi kifuani, yapata mita 13 kutoka chini, angefika ardhini kwa kasi isiyopungua kilomita 57 kwa saa. Ni sawa na kuwa ndani ya matatu iliyougonga ukuta kwa mwendo huo. Katika katuni rubani huinuka na kuendelea na mapambano. Katika maisha halisi angekimbizwa hospitalini.

Yaliyokwisha kuundwa

Wajapani wenyewe wamejaribu. Mnamo Desemba 2020 jijini Yokohama kulizinduliwa Gundam ya mita 18 iliyoweza kusogeza mikono, miguu na kichwa. Ilikuwa na uzito wa tani 25 hivi, na ilivuta umati wa watalii hadi maonyesho hayo yalipofungwa mwishoni mwa Machi 2024. Lakini siri yake ilikuwa kiunoni. Jitu hilo lilishikiliwa na mhimili wa chuma kutoka nyuma, nayo miguu ilichezacheza bila kubeba uzito wa mwili. Halikupiga hatua hata moja kwa nguvu zake.

Mwaka 2023 kampuni ya Tsubame Industries, pia ya Japani, ilionyesha roboti iitwayo Archax ambayo mtu anaweza kuipanda na kuiendesha. Ina urefu wa mita 4.5 na uzito wa tani 3.5. Waundaji wake hawakuthubutu kuiachia itembee kwa miguu miwili kama binadamu, bali waliiwekea magurudumu manne.

Barani Afrika, jiji la Kinshasa lilipata sifa mwaka 2013 kwa roboti zenye umbo la mtu na kimo cha takriban mita mbili na nusu, zilizowekwa katika njia panda kuongoza magari. Zilibuniwa na kundi la wahandisi wa Kongo chini ya uongozi wa Thérèse Izay. Nazo pia hazikutembea. Zilisimama pale pale, zikageuza kifua na kuinua mikono. Fundisho ni moja kuanzia Yokohama hadi Kinshasa: umbo la binadamu hufaa kuvuta macho ya watu, lakini kazi ya kubeba uzito huachiwa nguzo au gurudumu.

Jeshi nalo lina sababu zake za kulikataa jitu. Askari hujificha, jitu la ghorofa sita huonekana kutoka mbali na kulengwa na kila bunduki. Isitoshe, teknolojia ya vita imefuata njia iliyo kinyume kabisa. Katika vita vya Ukraine, na vile vya Sudan vilivyozuka Aprili 2023, silaha iliyotia hofu ni ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo nyingine hubebeka kwa mkono mmoja. Mashine imekuwa ndogo, na binadamu ameondolewa ndani yake.

Angani mambo ni mengine

Watetezi wa anime husema kwamba tatizo la uzito huisha katika anga za juu. Wana haki kwa kiasi fulani, kwani chombo kilicho katika mzingo wa Dunia hakikanyagi chochote. Lakini basi miguu ni ya nini? Mahali pasipo na ardhi, miguu ni mzigo wa bure.

Mapambano yenyewe pia huchorwa kana kwamba ni ya ndege za kawaida. Ndege hupinda kwa kuegemea hewa. Angani hakuna hewa, hivyo kila badiliko la mwelekeo hulipiwa kwa mafuta, na mafuta yakiisha chombo huendelea na safari ile ile. Hakuna mlio wa mlipuko, maana sauti husafiri kwa hewa. Zaidi ya hayo, joto la injini na silaha halina upepo wa kulipoza, na chombo chenye joto huonekana waziwazi katika giza la anga.

Inafaa kuwatendea haki watunzi. Waundaji wa Gundam walibuni chembe za kufikirika ziitwazo Minovsky, zenye uwezo wa kuvuruga rada, ili kueleza kwa nini wapiganaji hulazimika kukaribiana. Yaani walijua kwamba, bila kisingizio hicho, vita vingeamuliwa na makombora ya masafa marefu kabla adui hawajaonana.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea. Tarehe 11 Januari 2007, China ilirusha kombora na kuivunja setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa katika kimo cha zaidi ya kilomita 800, na kuacha vipande zaidi ya 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa kutoka ardhini. Marekani ililipua setilaiti yake mwaka 2008 na India ikafanya hivyo mwaka 2019. Urusi ilipofanya jaribio kama hilo Novemba 2021, zaidi ya vipande 1,500 vilitapakaa, na wanaanga waliokuwa katika kituo cha kimataifa wakalazimika kujihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurejea duniani. Kipande cha kilo moja kinachogonga kwa kasi ya kilomita 10 kwa sekunde hubeba nishati inayokaribia ile ya kilo 12 za baruti kali.

Silaha nyingine haina hata mlipuko. Tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, wavamizi wa mitandao waliharibu maelfu ya vifaa vya kupokelea intaneti kutoka setilaiti ya kampuni ya Viasat. Ujerumani, iliyokuwa mbali na mapigano, ilipoteza mawasiliano ya kusimamia mitambo 5,800 ya umeme wa upepo.

Nyasi ni sisi

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Kenya imo katika mambo ya anga tangu zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, nayo ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Tarehe 15 Aprili 2023, Taifa-1, setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuichunguza ardhi, ilipaa kutoka California ili kusaidia masuala kama kilimo na usalama wa chakula. Dereva wa teksi anayeitwa kwa simu Umoja huongozwa na setilaiti, na utabiri wa mvua hutegemea picha zake.

Kisha kukaja Mukuku. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji hicho cha Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema, katika tathmini yake ya awali, kwamba ilikuwa sehemu ya roketi. Haikuwa silaha, na hakuna aliyeumia. Lakini ilithibitisha kwamba kilicho juu huweza kumshukia mtu asiyehusika.

Sheria ipo, ingawa ina mianya. Mkataba wa mwaka 1967 unapiga marufuku kuweka silaha za nyuklia katika mzingo wa Dunia, lakini haukatazi kombora la kawaida kurushwa kutoka ardhini. Mkataba wa fidia wa mwaka 1972 unaiwajibisha nchi iliyorusha chombo kwa hasara yoyote kinachosababisha juu ya ardhi. Setilaiti ya nyuklia ya Muungano wa Kisovieti ilipoanguka Kanada mwaka 1978, Kanada ililipwa dola milioni tatu za nchi hiyo mwaka 1981. Desemba 2022, nchi 155 ziliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa la kuzitaka nchi ziache majaribio ya makombora yanayovunja setilaiti. Azimio hilo halina nguvu ya kumfunga yeyote.

Kati ya anime zote za anga, iliyokaribia ukweli zaidi huenda ni Planetes, iliyoonyeshwa Japani mwaka 2003 na 2004. Mashujaa wake hawapandi majitu wala hawashiki panga za mwanga. Ni wafanyakazi wa kuzoa taka angani katika mwaka wa 2075. Kijana wa Umoja anayetamani kuingia katika teknolojia ya anga hana haja ya kungoja jitu la chuma, kwa kuwa kazi ya kufuatilia vipande hivyo, kuvizoa na kudai fidia vinapoanguka tayari inahitaji wahandisi, wanahisabati na mawakili, na nchi isiyo na wataalamu wake itabaki kuambiwa na wengine ni cha nani kilichoiangukia.