Kwa nini mhudumu wa afya anauliza hata kuhusu wasiougua?

Mhudumu wa afya ya jamii amesimama mlangoni na daftari lake. Mko wangapi nyumbani? Kuna aliyeharisha wiki hii? Kuna aliyefariki? Mnachota ndoo ngapi za maji? Pengine unajiuliza: mbona hapa hakuna mgonjwa?

Daktari kituoni humtibu aliyefika. Lakini wizara ya afya, UNHCR na mashirika yanayotoa huduma yanahitaji kujua hali ya watu wote, wakiwemo wasiofika kituoni. Hiyo ndiyo maana ya afya ya jamii.

Tulichojifunza Kagunga

Mwezi Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikwama Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika. Maji safi na vyoo havikutosha. Kipindupindu kikazuka, kikaua wakimbizi na Watanzania pia. Dawa ziliokoa wagonjwa, lakini ugonjwa haungeweza kuzuiwa kwa dawa peke yake. Ilibidi watu wapate maji salama na vyoo, na wahamishwe kutoka kwenye msongamano ule.

Namba zinafanya kazi gani?

• Maji: kila mtu anapaswa kupata angalau lita 15 kwa siku.
• Utapiamlo: mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake una mzunguko chini ya sentimita 11.5 anahitaji matibabu haraka.
• Surua: lengo ni kuchanja angalau watoto 95 kati ya kila 100.
• Vifo: kifo 1 kwa siku kwa kila watu 10,000 ni dalili ya hali ya dharura. Katika kambi ya watu 50,000, hivyo ni vifo 5 kwa siku.

Sasa fikiria kwamba kati ya hivyo 5, viwili vimetokea kituoni na vitatu nyumbani bila kutajwa. Kwenye ripoti, kambi itaonekana salama, na msaada wa dharura unaweza kuchelewa.

"Nikitaja kifo, mgao utapunguzwa?"

Hofu hii ipo, na inaeleweka. Una haki ya kumwuliza mhudumu, kabla hujajibu: taarifa hizi zinaenda wapi, nani ataona jina langu, na zitatumika kwa nini? Asipokuwa na jibu, mwombe akuletee msimamizi wake.

Wenyeji nao wanahesabiwa

Kipindupindu na surua havijui mpaka wa kambi na kijiji. Mara nyingi tunatumia soko moja na mto mmoja, na mahali pengi hata kituo cha afya ni kimoja. Chanjo ikifika kambini tu na kijiji kikasahauliwa, sote tunabaki hatarini.

Mhudumu akibisha hodi, mwulize maswali yako, kisha mweleze hali ilivyo. Ukiona watu kadhaa wa mtaa wako wanaharisha, usimsubiri. Toa taarifa kituoni siku hiyo hiyo.