Mlima, Tela na Joto la Giaboksi

Kando ya Mto Colorado, pale bwawa la Davis linapounganisha Arizona na Nevada, kuna mlima ambao kila mhandisi wa pikapu nchini Marekani anaujua. Barabara ya jimbo namba 68 inatoka Bullhead City, chini bondeni, na kukwea Milima ya Black hadi Union Pass, karibu mita 900 juu ya ilikoanzia. Sehemu inayopimiwa magari ina urefu wa kilomita 18 hivi. Kwa mujibu wa kanuni ya J2807 ya chama cha wahandisi SAE, pikapu inayotangazwa kuwa na uwezo wa kuvuta tani fulani lazima ipande hapa ikiwa na mzigo huo wote, hewa ikiwa na joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, na kasi isishuke chini ya kilomita 64 kwa saa kwa gari lenye tairi moja moja nyuma. Toyota ndiyo iliyotangulia kuifuata kanuni hiyo, kwa magari yake ya mwaka 2011.

Mtu anaweza kudhani kwamba kinachopimwa pale ni nguvu ya injini. Injini ya dizeli ya siku hizi haina shida na nguvu. Wapimaji wanachotaka kuona ni kama gari zima linaweza kutupa joto lake nje kwa haraka ile ile linavyolizalisha, na kiungo kimoja kinachoshindwa mapema katika kazi hiyo ni giaboksi ya otomatiki.

Giaboksi ya otomatiki haina pedali ya klachi. Kati yake na injini kuna konveta: chungu cha chuma kilichojaa mafuta, chenye magurudumu mawili ya mapanga yanayotazamana. La kwanza linazungushwa na injini na kuyarusha mafuta. La pili, tabini, linapigwa na mafuta hayo na kuzungusha giaboksi. Katikati yao kuna gurudumu dogo linaloyageuza mafuta yanayorudi ili yasukume tena, na hapo ndipo nguvu ya kuzungusha inapoongezeka wakati gari linaanza kung'oka. Mfumo huu ulibuniwa na Mjerumani Hermann Föttinger, aliyeuwekea hataza mwaka 1905 akiwa katika kiwanda cha meli cha Vulcan huko Stettin. Yeye alikuwa akihangaika na tabini za mvuke, zilizokuwa zikizunguka kwa kasi isiyofaa rafadha za meli.

Ila magurudumu hayo mawili hayagusani. Mzigo ukiwa mzito, la injini linazunguka kwa kasi kuliko la giaboksi, na tofauti hiyo huitwa kuteleza. Nguvu inayopotea katika kuteleza haina pa kwenda isipokuwa kwenye mafuta, ikiwa joto.

Hesabu yake inatisha kidogo. Tuchukue pikapu na tela yake, jumla tani 9, zikipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 65 kwa saa. Kunyanyua uzito huo peke yake kunadai karibu kilowati 95. Ongeza ukinzani wa upepo na wa tairi, unafika kama 130. Konveta ikipoteza asilimia 15 tu, kama kilowati 20 zinaishia kwenye mafuta: ni sawa na pasi ishirini za umeme zilizotumbukizwa ndani ya lita kumi na tano na kuwashwa kwa pamoja. Kama mafuta hayo yasingepozwa, joto lake lingepanda kwa karibu nyuzi moja kila sekunde.

Mafuta ya giaboksi hupenda kukaa karibu na nyuzi 80. Mafundi wana kanuni ya siku nyingi kwamba kila nyuzi 11 zinazoongezeka juu ya hapo hupunguza maisha ya mafuta kwa nusu, kanuni inayokwenda sambamba na kile Svante Arrhenius wa Uswidi alichokieleza mwaka 1889 kuhusu joto na kasi ya mabadiliko ya kemikali. Yakifika nyuzi 115 hivi, mafuta ya kawaida huanza kuacha utando wa kahawia kwenye vali. Kuelekea 127, sili za mpira hukakamaa. Zikikakamaa zinavujisha presha, klachi za ndani zinakosa kubanwa sawasawa, zinateleza, na kuteleza kwao kunazaa joto jingine. Mafuta ya sintetiki, kama yale ya kiwango cha TES 295 yaliyowekwa na kampuni ya Allison, huvumilia zaidi, lakini sili na klachi zina kikomo chake hata zikiwa ndani ya mafuta bora kabisa.

Jibu la kwanza la wengi ni kuongeza rejeta ya mafuta. Wenye Ford za mwaka 1999 hadi 2003, zenye injini ya lita 7.3, wana kawaida ya kung'oa ile ndogo iliyotoka kiwandani na kufunga ile kubwa zaidi iliyotengenezwa kwa ajili ya Ford za injini ya lita 6.0 zilizofuata. Ni kazi nzuri, na inaleta tofauti. Hata hivyo rejeta inashughulika na joto ambalo tayari limeshazaliwa. Faida kubwa zaidi iko kwenye kulizuia lisizaliwe, na hilo liko mikononi mwa dereva.

Ndani ya konveta za kisasa mna klachi ya kufungia. Ikijifunga, magurudumu yote mawili yanazunguka kama kitu kimoja, kuteleza kunakwisha, na joto lake linakwisha papo hapo. Wazo hili si geni. Packard waliliuza katika giaboksi yao ya Ultramatic tangu mwaka 1949. Lakini Dodge ya kwanza yenye injini ya Cummins, ya mwaka 1989, ilitoka na giaboksi ya gia tatu isiyo na klachi hiyo, huku injini yake ikitoa nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni mita 540 kwenye mizunguko ya chini. Leo Ford inauza pikapu ya dizeli yenye zaidi ya nyutoni mita 1,600, na giaboksi yake ya gia kumi inafunga konveta mapema.

Kwa hiyo dereva anayekwea na tela afanye nini? Awashe hali ya kuvuta mzigo, inayoiamuru giaboksi ifunge konveta mapema na isibadilishe gia ovyo. Kisha ashuke kwenye gia nzito kabla mlima haujamlazimisha. Madereva wengi huogopa kusikia injini ikilia kwa mizunguko 2,300 na huona heri ibaki kwenye gia nyepesi, ikinguruma kwa 1,500. Hapo ndipo wanapoiua giaboksi. Katika gia nyepesi konveta inajifungua na kujifunga, inajifungua tena, na kila inapojifungua joto linaruka. Katika gia nzito inabaki imefungwa, pampu za mafuta na maji zinazunguka haraka zaidi, na feni inavuta hewa nyingi.

Hatari isiyotarajiwa ni kurudi nyuma. Kuisukuma tela nzito kinyumenyume kwenye uwanja wenye mwinuko au mchanga kunapasha mafuta haraka kuliko kilomita nyingi za barabara kuu: konveta haijifungi katika rivasi, gari linatambaa, na upepo haupigi rejeta.

Swali jingine ni wapi joto linapimiwa. Kipimo kilichofungwa kwenye sampu, yaani karai la mafuta chini ya giaboksi, kinasoma mafuta yaliyokwisha kupozwa na kuchanganyika. Kilichofungwa kwenye bomba linalotoka konveta kinaweza kuonyesha nyuzi 120 wakati sampu iko kwenye 85. Vyote viwili vinasema kweli, lakini anayetaka kujua joto likizaliwa sasa hivi atazame lile bomba.

Mlima ukiisha, injini isizimwe haraka. Iachwe iungurume taratibu ili mafuta yaendelee kupita kwenye rejeta. Na hapa kuna jambo ambalo wenye Dodge za Cummins za mwaka 1996 hadi 2007, zenye giaboksi za 47RE na 48RE, walilazimika kujifunza. Kwenye giaboksi hizo, zikitoka kiwandani, gia ikiwa P mafuta hayapelekwi kwenye konveta wala kwenye rejeta. Gari limeegeshwa, injini inawaka, na mafuta ya moto yamekwama ndani. Wanaozijua huvuta breki ya mkono, huweka kizuizi kwenye tairi, kisha huiweka gia N hadi joto lishuke. Hata kijiti cha kupimia mafuta kwenye gari hizo husomwa gia ikiwa N, injini ikiwa inawaka, kwa sababu hiyo hiyo.