Chambo katika Sataranji: Istilahi na Maana Yake

Upo ufunguzi wa sataranji ambamo Mweupe humwachia mpinzani kitunda mapema, kusudi apate wasaa wa kushambulia. Lugha kadhaa za Ulaya huuita kwa neno lenye asili ya Kiitaliano, gambetto, litokanalo na gamba, yaani mguu. Padri Mhispania Ruy López alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1561. Maana yake ya awali ni kumpiga mtu mtama. Je, Kiswahili kiuite nini?

Yafaa kwanza kutazama utendakazi wake. Mweupe husogeza kitunda cha mbele ya mfalme hadi e4, Mweusi hujibu kwa e5, kisha Mweupe hutoa kitunda kingine f4. Mweusi akikila, kitunda chake huhama kutoka katikati ya ubao. Farasi wa Mweupe huenda f3 ili kumzuia malkia mweusi asimtishie mfalme kutoka h4. Askofu naye huenda c4, akilenga f7, mraba ambao mwanzoni hulindwa na mfalme pekee. Mfalme mweupe akishapelekwa mafichoni g1, ngome hukaa f1, nayo pia huelekea f7.

Neno kafara halifai. Kafara hutolewa kuepusha balaa, ilhali Mweupe huitafuta makusudi. Mtama una ukali wa shambulio, lakini hauonyeshi kilichotolewa. Mtaji ungefaa kwa hesabu ya faida na hasara, ila wachezaji wa bao wamekwisha kuwa na neno hilo: kwao mtaji ni hatua ya kula kete za mwenzio, si ya kumwachia.

Linabaki chambo. Huenda ikadaiwa kuwa samaki ameze chambo hana budi kunaswa, hali Mweusi aliyekula kitunda aweza kushinda. Dai hilo halimjui mvuvi wa mshipi. Wavuvi wa Msambweni na Diani, huko Kwale, wanafahamu vyema kwamba samaki huweza kudokoa kipande cha ngisi na kuiacha ndoana tupu. Mvuvi akichelewa kuvuta, amemlisha samaki bure.

Historia ya mchezo yathibitisha pande zote mbili. Mjini London mwaka 1851, Anderssen alianza kwa chambo hiki dhidi ya Kieseritzky, akaendelea kutoa askofu, ngome mbili na malkia, na bado akashinda. Mwaka 1960 Spassky alimshinda Fischer kwa ufunguzi uo huo. Mwaka uliofuata Fischer aliandika makala akidai kuwa Mweusi akikila kitunda na kujibu kwa d6, Mweupe hushindwa.

Basi istilahi “ufunguzi wa chambo” yatosheleza, kwa kuwa inabeba masharti matatu ya mbinu yenyewe: kutoa kwa hiari, kumvuta mpinzani, na kuwahi. Mwanafunzi atakayefunzwa kwa neno kafara atadhani kazi imekwisha akishatoa. Atakayefunzwa kwa neno chambo atajua kuwa kazi ndiyo kwanza imeanza.