Tarehe 20 Agosti katika Historia ya Sayansi

Mwaka 1779 alizaliwa nchini Uswidi Jöns Jacob Berzelius, mkemia aliyeanzisha desturi ya kuwakilisha elementi kwa herufi. Mwanafunzi aandikapo H au O hufuata nyayo zake.

Tukio zito zaidi la tarehe hii ni la mwaka 1897, mjini Secunderabad, India. Kwa karne nyingi malaria ilidhaniwa kuletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Daktari Ronald Ross alimpasua mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa siku chache kabla, akautazama ukuta wa tumbo lake kwa hadubini. Humo aliona seli za mviringo zenye punje nyeusi, mfano wa zile za vimelea vya malaria katika damu ya binadamu. Mwaka uliofuata alithibitisha, kwa kutumia ndege, kwamba mbu hueneza malaria anapouma.

Mwaka 1915 alifariki Paul Ehrlich, Mjerumani ambaye mwaka 1891, pamoja na Paul Guttmann, aliwatibu wagonjwa wawili wa malaria kwa rangi iitwayo buluu ya methileni.

Mwaka 1977 kilirushwa chombo Voyager 2, kilichopita karibu na Neptuni mwaka 1989.

Hivyo chombo cha binadamu kimeifikia Neptuni, ilhali malaria ingali inaua watu zaidi ya 500,000 kila mwaka, wengi wao watoto wadogo wa Afrika. Kila chandarua kitungikwacho na kila dimbwi lifukiwalo ni matumizi ya elimu iliyopatikana siku ile Secunderabad.